Nyumba moja, ethi moja

Mtu akiunguziwa televisheni na radi, kitu cha kwanza anachonunua baada ya televisheni nyingine ni kifaa cha kuchomeka kwenye soketi. Muuzaji humhakikishia kwamba kitakata umeme ukizidi, kitakata ukipungua, na radi ikipiga kitakata pia. Mteja huondoka moyo umetulia. Kifaa hicho si cha kudharauliwa, na tutakirudia. Lakini fedha hiyo mara nyingi huanzia mahali pasipo pake. Nyumba hukingwa na dhoruba kuanzia chini, yaani kwenye ethi yake: kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini nyuma ya ukuta, ambayo mwenye nyumba hajaitazama tangu siku fundi alipofungasha vifaa vyake, na kwenye waya wa kijani na njano unaotakiwa kuiunganisha fimbo hiyo na kila chuma cha maana kilichomo ndani. Hapo pakiwa pabovu, vya dukani vyote ni vya kujifariji. Hapo pakiwa pazima, hata kifaa cha bei ya kawaida kinaweza kufanya kazi iliyoandikwa kwenye boksi lake.

Kanda ya Ziwa ni mahali pazuri pa kuipima hoja hii, kwa sababu huko dhoruba si mgeni. Utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016, uliotumia kumbukumbu za miaka 16 za mimweko ya radi, uliliweka Ziwa Maracaibo la Venezuela nafasi ya kwanza duniani; ya pili ilishikwa na Kabare, Kivu Kusini, kwa mimweko 205 hivi kwa kila kilomita ya mraba kila mwaka. Ziwa Victoria nalo lina desturi zake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani, na mawingu ya ngurumo hujengeka juu ya miinuko ya mashariki. Ndiyo maana Kisii na Kakamega radi zao nyingi ni za alasiri na jioni. Usiku mambo hugeuka. Maji hubaki na joto lake, pepo za nchi kavu hukutana katikati ya ziwa, na ngurumo huzaliwa juu ya maji kisha husukumwa kwenda magharibi. Bukoba, iliyo upande huo, hupata sehemu kubwa ya mvua zake alfajiri na asubuhi. Habari hiyo ya alfajiri itatufaa mbele. Na radi hizi huua: Januari 2025 wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe, walipoteza maisha, na Juni 2011 Shule ya Msingi Runyanya, wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, iliwapoteza wanafunzi 18 na mwalimu wao. Makala hii inahusu nyaya na vifaa, lakini fizikia ni ile ile, na anayeirekebisha ethi kwa ajili ya friji huwa amewakinga watoto wake na shoti ya kila siku pia.

Radi ni zile zile za zamani. Kilichoongezeka ni waya. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007, umeshafikisha umeme karibu katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara, na ada ya kuunganishwa kijijini ni Sh27,000. Kwa nyumba ndogo kuna hata UMETA, yaani Umeme Tayari, kibodi kimoja chenye soketi, taa na sakiti breka zake, kinachomwepusha mwenye nyumba na gharama za kutandaza nyaya. Hii ni hatua ya kujivunia. Ila waya unaokatiza mbuga tupu juu ya nguzo, ukiwa ndicho kitu kirefu kuliko vyote hapo, huichukua dhoruba iliyo mbali na kuileta sebuleni. Nyumba ya koroboi haikuwa na cha kuunguzwa kwa njia hiyo.

Dhoruba huingia kwenye umeme wa nyumba kwa milango mitatu, na makosa mengi hutokana na kudhani kuwa mlango ni mmoja. Wa kwanza ni radi yenyewe. Radi ya kawaida hubeba ampea 30,000 hivi, na zipo zinazovuka 100,000. Ikiipiga nyumba moja kwa moja, hakuna kifaa cha kwenye soketi kitakachoizuia. Hapo tunaongelea kinga radi ya juu ya paa na nyaya nene za shaba zinazoshuka hadi ardhini. Bahati nzuri hilo hutokea mara chache. Kinachotokea mara nyingi ni radi kupiga mti, nguzo au ardhi tupu mita mia kadhaa kutoka hapo, na waya wa umeme, bila kuguswa, ukapandishwa maelfu ya volti kwa muda wa sehemu chache za milioni za sekunde. Viwango vya kimataifa vinataka vifaa vya kawaida vya nyumbani katika mfumo wa volti 230 vistahimili msukumo wa volti 2,500, na vile laini zaidi volti 1,500. Msukumo ukivuka hapo, saketi huungua papo hapo, au hujeruhiwa tu na kufa wiki mbili baadaye bila wingu hata moja angani, na fundi televisheni akalaumiwa bure.

Mlango wa pili ni upepo, na huu ndio unaosahaulika kuliko yote. Laini ya mtaani kwa kawaida huwa na fezi tatu na nyutro moja. Kati ya fezi yoyote na nyutro kuna volti 230. Kati ya fezi na fezi kuna 400. Nyumba yako iko kwenye fezi moja, ya jirani kwenye nyingine, na nyutro mnachangia. Tawi la mwembe likianguka na kuikata nyutro peke yake, umeme hauzimiki. Nyumba hizo mbili hujikuta zimeungwa kwa mfululizo kati ya fezi mbili, zikigawana volti 400 kulingana na kinachowaka katika kila moja. Tuseme nyumba moja inapiga pasi ya wati 1,000, na nyingine ina televisheni na taa za jumla ya wati 200. Ukipiga hesabu, mwenye pasi anabaki na volti 67 hivi, na mwenye televisheni anapata 333. Pasi inapoa, televisheni inaungua. Upepo wa aina ya kimbunga Hidaya, kilichofika pwani ya Tanzania karibu na Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, hauhitaji radi hata moja ili kuifanya kazi hiyo. Dalili yake inafaa kila mtu aijue: taa zikianza kung'aa kupita kawaida au kufifia kila jirani anapowasha au kuzima kitu kizito, nenda moja kwa moja kwenye mein swichi, zima, kisha piga simu TANESCO. Usingoje kuona itakuwaje.

Mlango wa tatu ni umeme kurudi. Kwenye laini kubwa kuna swichi za kujiendesha ambazo hitilafu ikitokea hukata, husubiri sekunde chache, hurudisha, na kama tawi bado limeugusa waya hukata tena. Zinaweza kurudia hivyo mara mbili tatu kabla ya kukata moja kwa moja. Kwa shirika utaratibu huo una maana, kwa kuwa hitilafu nyingi za laini za juu huisha zenyewe. Kwa kompresa ya friji ni mateso. Gesi iliyobanwa inahitaji dakika kama tatu kutulia, na mota ikilazimishwa kuanza kabla ya hapo hukwama, huvuta umeme mwingi na kuchemka. Hapa ndipo friji gadi, kile kifaa cha kwenye soketi tulichoanza nacho, inapostahili heshima yake: imetengenezwa kuzisubiri dakika hizo, na pia kukata volti zikipanda au kushuka kupita kiasi. Kwa mlango wa pili na wa tatu ni kifaa kizuri, tena cha bei nafuu. Kwa mlango wa kwanza hakina msaada, maana hukata kwa kutenganisha vyuma viwili, kazi inayochukua sehemu za elfu za sekunde, na msukumo wa radi wakati huo umeshapita na kumaliza mambo yake. Sakiti breka ya kwenye bodi nayo ni hivyo hivyo. Iliwekwa ili nyaya zisiwake moto kwa mzigo mkubwa au shoti, na haikuahidi kitu kingine, ingawa kila fundi ameshawahi kuulizwa kwa nini "haikuzuia radi".

Kinachoweza kwenda na kasi ya radi ni kitu kisichotembea kabisa: kidonge cha oksaidi ya zinki ambacho kwenye volti 230 hakipitishi umeme, na volti zikivuka mpaka wake hufunguka mara moja na kuupitisha msukumo pembeni. Ndicho kilichomo ndani ya kile ambacho madukani huitwa saji protekta, iwe ya kwenye bodi au ya kwenye ekstensheni. Lakini unapitishwa kwenda wapi? Radi inapozipandisha volti za laini, huzipandisha laivu, yaani ile fezi inayoingia ndani, na nyutro kwa pamoja. Tofauti kati ya hizo mbili inaweza kuwa ndogo huku tofauti kati yao na ardhi ikiwa kubwa mno. Saji protekta isiyo na ethi inaweza kusawazisha laivu na nyutro tu. Msukumo ule mwingine, ulio mkubwa, unabaki unatafuta njia, na mara nyingi huipata kwenye ubao wa saketi wa televisheni kuelekea kwenye waya wa dishi. Sasa tazama tunavyozitumia soketi zetu. Plagi ya miguu miwili huingizwa kwenye soketi ya matundu matatu kwa kuchokonoa tundu la juu kwa kalamu, na tundu hilo la juu ndilo la ethi. Zipo ekstensheni za bei rahisi zenye matundu matatu yaliyotobolewa vizuri, ukizifungua unakuta ndani nyaya mbili. Kitaa cha kijani kinawaka, maandishi yanatangaza kinga, na waya wa kuipokea hiyo kinga haupo.

Msomaji makini atauliza: hata ethi ikiwepo, itaihimili radi? Tufanye hesabu. Chukua ethi nzuri ya omu 10, kiwango ambacho wafungaji wa kinga radi hukilenga, na upitishe hapo ampea 30,000. Kichwa cha fimbo kitapanda hadi volti 300,000. Kwa hiyo hakuna ethi ya kuifanya nyumba ibaki sifuri wakati radi inapiga. Anayeahidi hivyo anauza ndoto. Kinachookoa ni kila kitu kupanda pamoja na kushuka pamoja. Ndege anayetua kwenye waya wa volti 33,000 haungui, kwa kuwa miguu yake yote miwili iko kwenye volti zile zile; madhara huletwa na tofauti kati ya sehemu moja na nyingine. Nyumba ambayo bodi yake, mabomba yake ya chuma, dishi, fremu za sola na kinga radi vyote vimefungwa kwenye ethi moja iko katika hali ya ndege huyo. Nyumba yenye ethi tatu zisizojuana haiko hivyo. Fundi wa dishi kapiga fimbo yake, wa sola yake, aliyefunga kinga radi yake, kila mmoja akishikilia kwamba "ethi hazichanganywi". Radi ikishuka, fimbo moja inapanda laki kadhaa za volti, nyingine imebaki chini, na tofauti yote inapita ndani ya king'amuzi, ambacho ndicho pekee kimezigusa zote mbili. Ushauri huo wa kutenganisha ethi hutolewa kwa nia njema, tena na watu wenye uzoefu, lakini kwangu ndilo kosa la ghali kuliko yote katika umeme wa majumbani. Nyumba ya sola tupu, isiyo na nguzo wala mita, haijasamehewa pia: waya chanya na waya hasi kutoka kwenye paneli vikipitishwa mbalimbali huzunguka eneo ambalo radi ya jirani inaweza kulisukumia umeme, na tiba yake haina gharama yoyote, ni kuzipitisha nyaya hizo mbili zikiwa zimebanana.

Basi tuitazame fimbo yenyewe ilivyo. Iko nyuma, kwenye kona ya bafu la nje, kichwa kimechomoza sentimita chache. Kibano kimeota kutu ya kijani na waya umelegea kiasi cha kuzungushwa kwa vidole viwili. Au waya haupo kabisa, maana shaba ina soko kwa wanunuzi wa vyuma chakavu na aliyeukata alijua anachokitafuta. Mwanza, mji wa mawe, fimbo inaweza kugonga jabali kabla haijafika nusu mita, na fundi mwenye haraka huikata juu ili ionekane imezama yote. Pale pasipoingilika, dawa ni fimbo kadhaa zilizopeana nafasi, au waya mtupu wa shaba uliolazwa kwenye mtaro mrefu na kufukiwa. Kuna pia desturi ya kujaza chumvi na mkaa kwenye shimo la ethi. Mkaa sina ugomvi nao. Chumvi hushusha ukinzani kweli, lakini mvua huiosha mwaka hadi mwaka, na kabla haijaisha huwa imeshakila chuma. Kipimo kizuri cha siku ya kwanza kinakuwa cha siku ya kwanza tu.

Kipimo chenyewe kina hadithi yake. Wengi hubonyeza kitufe chenye herufi T kwenye kile ambacho mafundi bado hukiita ELCB, kikikata wanajua ethi ni nzima. Kitufe hicho hukipima kifaa chenyewe. Kitakata hata kama fimbo ya nje imeng'olewa na kuuzwa. Wengine huunga taa kati ya laivu na ethi, ikiwaka vizuri wanaridhika. Taa ya zamani ya wati 60 ina ukinzani wa omu 880 hivi inapowaka, kwa hiyo ethi mbovu ya omu 100 itaipunguzia mwanga kwa kiasi ambacho jicho lisilo na cha kulinganisha linaweza lisikitambue, mbali na kwamba jaribio lenyewe ni la hatari. Kuna chombo cha kupimia ethi, chenye vijiti vyake vya kuchomeka ardhini, kinachosoma omu moja kwa moja. Fundi asiye nacho anaweza kukiazima. Fundi asiyejua kwamba kipo, mtafute mwingine.

Ethi ikishakuwa sawa ndipo saji protekta ya kwenye bodi inapoanza kuwa na maana, na hapo tena kuna jambo dogo linalohesabika. Msukumo wa radi hupanda kwa kasi kubwa kiasi kwamba waya mfupi tu wa shaba huonekana kwake kama kizuizi: hesabu ya kawaida ya mafundi ni volti 1,000 hivi kwa kila mita. Aliyekifunga kifaa kizuri kisha akavuta mita mbili za waya zilizoviringishwa kwa ustadi hadi kwenye ethi ya bodi, ameongeza volti 2,000 juu ya zile ambazo kifaa kinaziachia, na friji ya volti 2,500 imeshavukwa. Kanuni ni kwamba nyaya za kifaa hicho, kwenda na kurudi, zisizidi nusu mita kwa jumla, zinyooke, zisipindwe ovyo. Kazi iliyofungwa kwa unadhifu wa macho inaweza kuwa mbovu, na iliyofungwa kifupi na kwa sura mbaya ikawa ndiyo nzima. Ikumbukwe pia kuwa kidonge kile huchakaa kwa kila msukumo. Vifaa vya maana vina kidirisha kinachogeuka kutoka kijani kuwa chekundu, na chekundu maana yake ni kununua kingine. Tena, nyutro ikikatika na volti 333 zikakaa hapo kwa dakika kadhaa, kidonge hupashwa moto hadi kufa. Kwa hiyo saji protekta na kifaa cha kukata volti zilizozidi vinahitajiana. Hakuna kimoja kinachoweza kufanya kazi ya mwenzake.

Kuna wanaosema yote haya ya nini, ukisikia ngurumo si unachomoa tu? Wana haki kuliko wanavyopewa. Plagi iliyochomolewa kabla ya dhoruba, pamoja na waya wa dishi, ni kinga isiyo na mpinzani na haina bei. Kuzima mein swichi pekee hakulingani nayo, kwa sababu ndani ya swichi kuna nafasi ya milimita chache ambayo msukumo mkubwa unaweza kuiruka. Tatizo la kuchomoa ni kwamba kunamtaka mtu aliye nyumbani, aliye macho, na aliyewahi. Mkazi wa Bukoba dhoruba humkuta alfajiri amelala. Wa Kakamega humkuta alasiri yuko shambani au kazini. Anayekimbilia soketi radi zikiwa tayari juu ya paa anajiweka yeye mwenyewe kwenye njia ile ile aliyotaka kuiepusha televisheni yake. Na friji ya muuza samaki haiwezi kukaa imechomolewa masika yote.

Wapo wanaosema gharama. Kwa nyumba yenye taa tatu na chaja ya simu ningesema vivyo hivyo kuhusu saji protekta ya kwenye bodi: iache, haina cha kulinda kinacholingana na bei yake. Ethi siwezi kusema hivyo, kwa sababu ethi hulinda uhai kabla haijalinda mali. Kwa nyumba yenye friji, televisheni na kompyuta, fimbo ya shaba, kibano chake, waya na saji protekta vyote kwa pamoja ni sehemu ndogo ya thamani ya vitu vinavyokingwa. Mtu hulalamikia bei ya fimbo ya ethi huku amelipia dari la urembo na taa za kubadilika rangi. Huo ni uchaguzi wake, lakini asiuite umaskini.

Wapo pia wanaosema radi ile ilitumwa. Ushahidi wanaoutoa si wa kipuuzi: imeunguza nyumba ya fulani tu, jirani wa kushoto hata taa haikupepesa, wa kulia amepona kabisa, sasa kama si mkono wa mtu ni nini? Swali la haki, na jibu lake liko kwenye nguzo. Majirani watatu wanaweza kuwa kwenye fezi tatu tofauti. Nyutro ikikatika, mmoja hupata volti 333 na mwingine 67. Mmoja ana ethi nzima, mwenzake fimbo yake iliibwa. Mmoja ana dishi lililofungwa kwenye bomba la chuma, mwingine hana dishi. Anayetaka kujua kwa nini ilikuwa nyumba ile na si nyingine aanze na fundi mwenye chombo cha kupimia, kabla ya kumnyooshea mtu kidole. Vidole hivyo vimeshawagharimu watu maisha yao, na sioni haja ya kuongeza wengine kwa ajili ya nyutro iliyokatika.

Mwisho ni wale wanaosema hiyo ni kazi ya shirika. Kwa sehemu ni kweli. Nyutro, nguzo, matawi yanayogusa laini na volti zinazofika kwenye mita ni wajibu wa shirika, na mteja anayeripoti volti zisizoeleweka anastahili kusikilizwa haraka. Lakini vizuia-radi vilivyo juu ya nguzo ya transfoma viliwekwa kuilinda transfoma, na kati ya hapo na mlango wako kuna waya mwingine ambao radi ya jirani inaweza kuupandisha volti bila kupitia transfoma yoyote. Hakuna shirika duniani linaloweza kuizuia radi isisukume umeme kwenye waya wa mita 30 za mwisho. Kuanzia kwenye mita kuingia ndani, nyaya ni zako na fundi ni uliyemchagua mwenyewe. Tanzania EWURA hutoa leseni kwa mafundi umeme, na kuomba kuiona leseni hiyo si kumdharau mtu.

Mtakapokubaliana bei, mwambie fundi kwamba kazi haitakuwa imekwisha hadi apime ethi mbele yako na kuandika kwa kalamu ya wino, ndani ya mfuniko wa bodi, tarehe na idadi ya omu. Mwambie afungue na kuonyesha mahali ambapo waya wa dishi na wa sola vinakutana na fimbo ile ile. Kazi hiyo ifanyike Septemba, kabla ya vuli, wakati ardhi ya sehemu nyingi za Kanda ya Ziwa bado haijalowa. Ardhi kavu ndiyo inayotoa ukinzani mkubwa kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na ethi inayofaulu siku hiyo haitakuangusha mvua ikinyesha.